Mgao wa Uchafu

Jumanne, tarehe tatu Desemba. Mvua ilipiga alfajiri kwa hasira, kisha ikakatika ghafla kama mtu aliyekumbuka ana kazi kwingine. Sasa ni saa nne, jua linachoma, na kumbikumbi wamejaa ndoo ya jirani.

Vijana wa klabu ya sayansi, juzi mlikuja hapa kibarazani, mkaniamkia vizuri, nikaitika, mkaketi. Kisha yule mwenzenu mwenye miwani akanitaka nieleze jinsi Tabora ilivyogundua siri ya elektroni. Nilinyamaza kwa ajili ya adabu, na kwa sababu nilikuwa na chai ya moto mdomoni. Tabora haikugundua siri yoyote. Mimi nilikuwa mzungusha mkono wa mashine. Sijui nani kawaambia habari za kugundua, lakini nikimjua nitamfuata kwake. Nimeamua kuandika, maana mkinisikiliza kwa mdomo mtachukua kinachowapendeza na kuacha kinachoudhi, na katika kazi ile kilichoudhi ndicho kilikuwa kingi.

Nianze na mimi mwenyewe, nisije nikaonekana mkubwa kuliko nilivyo. Nilisoma mpaka darasa la nane nikaishia hapo. Baba yangu alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Mtendeni. Mimi nilikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha wakulima wa tumbaku, na kazi ya mizani ni ya msimu: soko likifunguliwa hulali, mvua zikianza unakaa ukihesabu nzi. Chama kilikuwa na mashine moja ya kupigia hesabu, nayo wakati wa mvua ilikaa kabatini ikipata kutu.

Mwalimu Mihayo ndiye aliyeiazima. Alikuwa mtu wa Kigwa, Mmoraviani, mwembamba, chaki mpaka masikioni, akifundisha fizikia kwenye shule ya sekondari mjini. Alikuwa amepata nafasi ya shahada ya juu, lakini nchi ilikuwa bado changa na walimu wa fizikia hawakutosha, kwa hiyo hakuruhusiwa kuondoka darasani. Profesa wake wa Dar es Salaam alimkubalia afanye utafiti huku huku akifundisha, kwa sharti moja: majibu yatumwe mara tu mvua za mwaka ule zinapoisha. Yasipofika, nafasi anapewa mwingine. Hilo alituambia siku ya kwanza, wala hakulifunika. Na mvua zikiisha soko la tumbaku linafunguliwa, na mashine inarudi kwa wenyewe. Mimi nilikuja pamoja na mashine kama kamba inavyokuja na ndoo, kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua.

Mashine yenyewe ilikuwa ya chuma, rangi ya kijani iliyobabuka, nzito kama jiwe la kusagia. Haikuwa na waya wala betri. Unapanga namba kwa kusogeza vijino vidogo tumboni mwake, kisha unazungusha mkono ubavuni: mbele kujumlisha, nyuma kutoa. Kuzidisha ni kujumlisha tena na tena, ukisogeza kigari cha chini kwa makumi, kwa mamia, na kuendelea. Namba ikizidi nafasi zilizopo, ndani yake inalia kengele ndogo kama ya baiskeli ya mtoto. Mafuta ni ya cherehani, tone moja, si mawili. Ukitia mawili, vumbi la kiangazi linanata na meno yanaanza kurukaruka. Na ukimaliza kuzidisha, zungusha kinyumenyume mpaka irudi sifuri. Isiporudi sifuri, usianze kuilaumu mashine. Mjukuu wangu ana simu inayofanya yote hayo kabla hajakohoa, na ni nzuri, siikatai. Ila haimlazimishi kurudi sifuri, ndiyo maana hajui pale alipokosea.

Sasa utafiti. Hapa ndipo naogopa kalamu yangu, kwa hiyo naandika nilichoelewa tu, na wanaojua zaidi wanisahihishe.

Mwalimu alileta bonge la chumvi ya Uvinza akaliweka mezani. Akasema ndani ya kitu kama hiki chembe zimejipanga safu kwa safu kama viti vya kanisani, na elektroni husafiri kati yake, na ndiyo umeme. Nikaenda kuwaeleza watu wa barazani kwetu kwamba umeme unapita kwenye chumvi. Kesho yake akaniambia kwamba chumvi kavu haipitishi umeme, alitaka tu nione mpangilio. Mtaa mzima ulikuwa umeshanicheka.

Kisha akajaribu kwa njia ya wapagazi. Akasema, Ramadhani, wewe ni mtu wa Tabora, fikiri msafara. Vituo vimepangwa kwa mstari mmoja, na elektroni ni mpagazi anayetoka kituo hadi kituo. Hapo nikaelewa. Babu yangu mzaa mama alibeba mzigo mpaka pwani na kurudi. Lakini Mwalimu hakuachia hapo, akaongeza kwamba mpagazi huyu hayuko kituo kimoja tu, yuko kidogo hapa na kidogo pale kwa wakati uleule. Nikamwambia babu yangu angetaka posho ya vituo vyote viwili. Hakucheka. Alikuwa mtu mwema lakini hakujua kucheka akiwa kazini.

Swali lake lilikuwa hili. Vituo vyote vikiwa sawa, mpagazi anapita mpaka mwisho bila tabu. Vikiwa na uchafu, yaani kila kituo kina ukarimu au ukali wake wa hovyo usio na mpango, je, anafika, au anakwama njiani na kubaki pale maisha? Hilo tu. Mwenyekiti wa tawi aliposikia aliuliza litalisha kaya ngapi, Mwalimu akajibu kwa ukweli kwamba hajui. Nilikasirika. Unapoulizwa swali kama hilo mbele ya watu, si ungesema kwamba redio ya mwenyekiti mwenyewe inaongea kwa sababu kuna watu waliwahi kuuliza habari za uchafu ndani ya fuwele? Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenieleza hivyo. Mbele ya mwenyekiti akasahau.

Hesabu yenyewe mtoto angeweza kuifanya. Chukua nguvu ya mpagazi, toa namba ya kituo, zidisha kwa ulichonacho mkononi, toa kile cha kituo kilichopita. Hicho ndicho kipya. Halafu unakwenda kituo kinachofuata unafanya vilevile, na kinachofuata, mpaka unachoka na kujichukia. Namba zikipanda na kushuka kwa wastani, mpagazi anapita. Zikianza kuvimba na zisiache kuvimba, amekwama. Nilimuuliza inakuwaje kuvimba kuwe ndiko kukwama. Akasema nifikiri niko mbali na ngoma ninaifuata: sauti inavyokua ndivyo ninavyokaribia mahali ilipo, na ilipo haiondoki. Nilikubali, nusu kwa kuelewa na nusu kwa kuchoka.

Uchafu tuliupata kwenye vizibo vya soda. Mwalimu aliviandika kwa rangi ndani, kuanzia hasi tano mpaka chanya tano, akavitia kwenye chungu. Maelekezo yake yalikuwa mafupi: toa kimoja, soma, rudisha, tikisa, toa kingine, bila upendeleo.

Wa kuvitoa alikuwa Mama Kalunde. Alikuwa mjane wa Ipuli, Mkatoliki, mkubwa kwangu kwa miaka ya kutosha mimi kumwamkia kila siku. Alikuwa muuzaji katika duka la kijiji cha ujamaa nje ya mji, miaka ile sukari na sabuni zinakuja mara moja moja na watu wote wanazitaka. Aligawa bila daftari. Alijua nani alipata mara iliyopita, nani alikosa, nani ana mtoto mchanga. Hakuna aliyewahi kumlalamikia, na mjini kwetu hilo ni jambo kubwa kuliko shahada. Mwalimu alimchagua kwa uaminifu wake huo.

Basi mvua zote zile tulikaa alasiri kwenye chumba cha mbele cha Mwalimu. Mama Kalunde anatoa kizibo na kusoma kwa sauti ya wazi, mimi nazungusha mkono, Mwalimu akirudi kutoka shuleni anapokea karatasi. Tulimaliza mstari mmoja wa vituo, tukamaliza wa pili, na wa tatu. Kengele haikulia hata mara moja. Namba zilipanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala. Uchafu ulikuwepo na mpagazi alipita.

Mwalimu alitoka mbio na barua mpaka posta bila kofia, mvua ikimnyeshea. Alidhani ameona kitu ambacho hakijaonekana. Mkewe alichinja kuku.

Jibu lilirudi kwa ukurasa mmoja. Profesa aliandika kwamba kwenye mstari mmoja wa vituo uchafu hata ukiwa kidogo humkwamisha mpagazi ukienda mbali vya kutosha, na jambo hilo lina uthibitisho wake. Kwa hiyo kuna kosa. Alitafute. Muda hauongezwi.

Hapo ndipo tulipoanza kuchukiana. Mwalimu alisema mkono wangu una haraka. Nikamjibu kwamba mkono huu umepima tumbaku ya watu wenye maneno kuliko yeye na hakuna aliyerudi na mzigo wake. Tukarudia ukurasa mmoja, ukatoka sawasawa. Akasema basi ni mashine, akachukua bisibisi akafungua kifuniko, skrubu moja ikaingia uvunguni, na tukapoteza alasiri nzima tumelala kifudifudi na kibatari. Nilimwambia akiigusa tena naibeba narudi nayo chamani. Sasa naona wote wawili tulikuwa na hofu tu, lakini hofu ya mtu mzima inatoka ikiwa imevaa ukali.

Mama Kalunde alikuwa akisuka ukili. Akauliza tatizo ni nini hasa. Nikamwambia kwamba mpagazi anafika na hapaswi kufika.

"Basi mshukuruni Mungu," akasema, akaendelea kusuka.

Siku chache baadaye mvua ilikuwa kubwa juu ya bati, Mwalimu akawahi kurudi na madaftari ya wanafunzi. Akakaa pembeni anasahihisha, sisi tunaendelea. Nikaona kalamu yake imesimama.

"Mama, hicho umekirudisha hujakisoma."

"Ni chanya nne," akasema Mama Kalunde. "Ameshapata mara mbili tangu jana. Hasi tatu hajapata kitu."

"Hajapata nini?"

"Zamu yake."

Mwalimu aliweka kalamu chini taratibu kabisa. Mama Kalunde aliona uso wake, akaeleza kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Uliniambia bila upendeleo, mwanangu. Nikimtoa chanya nne mara tatu mfululizo, huo si upendeleo?"

Niseme ukweli, nilikuwa nikimwona akifanya hivyo tangu mwanzo. Niliona ni uangalifu. Hata sasa, mkinipa chungu na vizibo, mkono wangu utataka kufanya vilevile. Miaka ile hakuna kitu kilichogawiwa hovyo na mtu mwenye heshima yake.

Mwalimu alikaa juu ya gunia la mahindi. Alicheka bila sauti, kisha akafunika uso, na sikujua tena kama anacheka. Alipoweza kusema alisema kwamba uchafu haukumbuki. Kituo hakijui jirani yake kapata nini jana. Chanya nne inaweza kuja mara tatu, mara tano, na hasi tatu isije kabisa, na hiyo mirundikano ndiyo inayomkwamisha mpagazi. Sisi tumeusawazisha uchafu, tumemfagilia njia.

"Ndiyo maana unaitwa uchafu," akasema Mama Kalunde.

Lakini aliumia. Alipoambiwa sasa avitoe kama vinavyokuja alikataa. Alisema hajawahi kugawa kwa upofu na hataanza uzeeni, na kwamba maneno yakifika Ipuli kuwa alikutwa na kosa mkononi mwake, nani atauliza lilikuwa kosa la nini? Watasikia neno kosa tu. Mwalimu akasema basi Ramadhani atatoa vizibo. Hapo ndipo mama alipokasirika hasa, kwa sababu kazi alipewa yeye. Tulibembeleza mpaka chai ikapoa. Mwisho alikubali kwa sharti lake: tumfunge macho kwa khanga, avitoe bila kuviona, mimi nivisome. Hivyo hakuna atakayesema kwamba aliona akaacha.

Muda ulikuwa umebaki wa mstari mmoja tu, nao mrefu. Tulianza upya. Mama Kalunde ameketi na khanga machoni kama mwari, mimi nasoma na kuzungusha. Chanya nne ilikuja mara nne mfululizo, nikamwona anakunja midomo.

Nusu ya kwanza namba zilipanda na kushuka kama zamani. Mwalimu alianza kula kucha. Ikiwa mstari huu nao utapita, basi kosa si vizibo, na hakuna muda wa kulitafuta lingine.

Mvua zilikatika. Asubuhi moja lori la chama likasimama nje. Dereva, kijana wa kwetu Mtendeni, aliingia akasema, "Kaka Ramadhani, wakulima wameshapanga foleni mpaka barabarani, wanaulizana karani kaolewa wapi." Nikamwambia akae, anywe chai, kuna muhogo wa kuchemsha. Akakaa mlangoni na sahani yake, akitutazama: mwalimu wa sekondari anakula kucha, mama mzima kafungwa macho na mkono wake umo chunguni.

Ndipo namba zikaanza kunona. Mwanzoni nilidhani nimesogeza kigari vibaya. Nikarudi nyuma mpaka sifuri, nikarudia, ikatoka vilevile. Kituo kilichofuata ikaongezeka, na kilichofuata, na kengele ikalia. Ukifika hapo unapunguza tarakimu, unaandika pembeni umepunguza kiasi gani, unaendelea. Nikapunguza, nikaendelea. Ikalia tena. Na tena.

"Imeharibika?" dereva akauliza, muhogo mdomoni.

Tulimaliza mstari na kengele inalia. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya chumba na mikono kichwani.

Mama Kalunde akafungua khanga. "Amekwama?"

"Amekwama, mama."

"Nilipogawa sawa alifika."

"Alifika."

"Na wewe unafurahi amekwama."

Mwalimu alishusha mikono kichwani. "Sifurahii kukwama kwake," akasema. "Nimefurahi kumjua."

Akaketi hapohapo kuandika barua ya kwenda na matokeo, maana treni ya mail, ile inayobeba barua, haingoji, na dereva alisharudi kwenye lori akaanza kupiga honi. Mama Kalunde akataka asomewe. Mwalimu akasoma: mistari ya mwanzo isihesabiwe, kulikuwa na kosa katika kuchukua namba.

"Hapo ni mimi," akasema Mama Kalunde.

"Jina lako halipo, mama."

"Anayechukua namba ni nani katika nyumba hii? Andika nilichofanya. Sikukosea. Niligawa."

Mwalimu alimtazama, akatazama saa, akatazama dereva. Kisha akachukua karatasi nyingine, akaanza upya. Aliandika kwamba mchukua namba alizigawa kwa usawa kila moja na zamu yake kwa sababu yeye, mwalimu, alisema bila upendeleo na hakueleza zaidi. Kwamba kosa la maelekezo ni lake. Na kwamba mistari ile ya usawa anaiambatisha ilivyo, kwa sababu mpagazi alipita kweli. Akamsomea. Mama Kalunde akasema sawa. Mimi nikabeba mashine mpaka kwenye lori, ingali ya moto.

Alipata shahada yake. Mistari ya usawa walimtaka aitoe mwilini mwa kitabu chake cha shahada aiweke nyuma kabisa, na mtahini mmoja aliandika pembeni kwamba hakuna maumbile yanayogawa namna ile. Sina elimu ya kusema nani alikuwa na haki. Huenda mtahini. Nilipokwenda Ipuli kumpa Mama Kalunde habari hizo, alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka.

"Ni kweli," akasema. "Maumbile hayagawi. Kugawa ni kazi ya watu. Mwalimu kafaulu?"

"Kafaulu, mama."

"Basi yamekwisha."

Kwa hiyo wewe mwenye miwani, ukiandika kwenye gazeti lenu la ukutani, usiandike kwamba tuligundua. Andika kwamba kulikuwa na mwanamke aliyeambiwa bila upendeleo akafanya hivyo hasa, na kwamba wasomi na makarani tulikaa naye chumba kimoja mvua nzima tukalaumu skrubu. Jina lake liandike, na mbele yake uweke Mama.

Jua limezama nikiandika, wino umenichafua kanzu, na mke wangu ameshaita mara ya pili. Jioni hii tunakula ugali wa mahindi na uyoga wa mvua hizi, umepikwa kwa karanga, na kumbikumbi wa kukaanga ambao jirani alituletea kwenye bakuli.